Jibu la Meza ya Saba

Kwa miaka kumi na tisa Solange Paget alikaa meza ya sita katika chumba cha kuunganishia fremu za miwani, na katika miaka hiyo yote hakuna fremu mbovu iliyopita mikononi mwake ikamfikia mvaaji. Bawaba iliyolegea kwa unene wa unywele aliiona. Skrubu iliyokazwa kwa haraka aliisikia, kwa kuwa aliifungua na kuifunga kila miwani karibu na sikio, mara mbili, kisha akaiweka kulia ikiwa nzima, kushoto ikiwa na kasoro. Fabrice wa meza ya tatu, ambaye mdomo wake haukujua likizo, alisema siku Solange atakapokufa hatakubali kulala kwenye jeneza mpaka akague bawaba zake. Solange alicheka pamoja na wengine, akaendelea na kazi.

Chumba kile kilikuwa na desturi yake. Saa moja na nusu asubuhi, na tena saa saba na nusu mchana baada ya chakula, msimamizi Hubert Grandclément alisimama kwenye ngazi, karatasi mkononi, akaita namba za meza. Baba yake alikuwa akifanya hivyo enzi zake, naye hakuona sababu ya kuacha, ingawa mlangoni palikuwa na mashine ya kadi za mahudhurio. Aliita namba, na mwenye meza akaitikia kwa kuirudia namba ile ile. Namba isiyoitikiwa aliiita mara ya pili, kisha ya tatu, halafu akapiga mstari mwekundu. Wakati wote huo hakuinua macho kutoka kwenye karatasi.

Kwa hiyo watu walijibiana. Barabara ya bonde ikizibwa na theluji, mtoto akiamka na homa, betri ya gari ikifa kwa baridi, jirani wa meza aliitikia namba mbili. Hakuna aliyefundishwa. Mgeni alikaa wiki mbili tatu, akaona, akaanza kufanya. Asiyemjibia jirani yake alionekana mtu wa ovyo.

Meza ya saba ilikuwa ya Régis Vuillet, mwanamume wa miaka hamsini na mbili, mpole, aliyeishi na mama yake. Bibi huyo alikuwa amesahau karibu kila kitu, pamoja na kula. Régis alimlisha kila asubuhi kijiko kwa kijiko, na asubuhi mama akigoma, mtoto alichelewa. Solange alikuwa akiinamisha kidevu kifuani, akaifanya sauti yake nzito kidogo, akasema, "Saba." Robo saa baadaye Régis aliingia kwa mlango wa bohari, akaketi, akamsukumia chini ya meza kipande cha jibini kilichofungwa kwenye karatasi. Hawakulizungumza jambo hilo hata siku moja.

Majira hayo ya baridi kulikuwa na habari mbaya. Ikifika Aprili meza moja ingeondolewa, na mwenye meza angepoteza kazi, na kila mtu alijua kwamba uamuzi ungetoka kwenye mistari myekundu ya Hubert. Régis alikuwa nayo minne, ya siku ambazo Solange mwenyewe alikuwa mgonjwa. Mstari mmoja zaidi ungetosha, ndivyo ilivyosemwa chooni, na maneno ya chooni kiwandani pale hayakuwa yakikosea sana.

Safari ya mlimani iliangukia katikati ya hofu hiyo. Kila Februari, Jumamosi moja, chumba cha kuunganishia kilipanda kwa viatu vya theluji, vile vipana kama nyungo vinavyofungwa chini ya buti ili mtu asizame, hadi kwenye nyumba ya wachunga ng'ombe ambayo majira hayo huwa tupu. Walikula jibini la kuyeyushwa na soseji za moshi, wakalala, wakashuka Jumapili. Walikuwa saba, na Hubert wa nane.

Régis alifika kwenye maegesho amechelewa dakika ishirini.

"Vuillet," Hubert alisema, "hata mlima umeamka kabla yako."

"Samahani, bosi. Mama."

"Kila siku mama. Ukichelewa tena leo tunakuacha kwa mbweha." Akapigapiga mfuko wa koti lake. "Na msidhani karatasi nimeiacha bondeni."

Wengine walicheka, maana ilitakiwa kucheka. Régis alipiga goti kando ya Solange, akawa anahangaika na mkanda wa kiatu chake cha kushoto, ambao ulikuwa umechakaa.

"Dada, jana alitoka nje na ndala," alinong'ona. "Nimemkuta kwenye daraja. Nimemwachia jirani, lakini jirani mwenyewe hana subira."

"Ungebaki tu."

"Nibaki, halafu bosi aseme hata matembezini sionekani?"

Walipanda msituni tangu saa tatu na nusu. Theluji mpya ilikuwa imeanguka siku mbili mfululizo, kwa hiyo walifanya kama wafanyavyo watu wa huko: wa mbele hufungua njia hatua mia mbili, akizihesabu kwa sauti, kisha husogea kando hatua moja, huwaacha wenzake wapite, naye hujiunga mkiani apumzike. Hatua moja, si mbili. Mlima ule ni wa mawe ya chokaa, umejaa nyufa za kina ambazo wakati wa kiangazi ng'ombe huzikwepa wenyewe, na theluji ikija huzifunika pakaonekana uwanja. Hilo kila mmoja wao alilijua tangu utotoni.

Baada ya chakula cha mchana ukungu ulishuka. Uliingia kati ya miti taratibu, na kufikia saa nane Solange aliweza kuona migongo miwili mbele yake, basi. Saa nane na dakika kama ishirini Régis alimaliza zamu yake ya kufungua njia. Alikuwa anahema. Wenzake walimpita mmoja mmoja, na Solange, aliyekuwa wa mwisho wakati huo, alimkuta ameinama karibu na mti wenye vigogo vitatu.

"Tangulia, dada. Mkanda umekatika, naufunga kwa kamba."

"Nikusubiri?"

"Usisimame, bosi atatuona sote wawili. Najificha hapa nyuma ya mti, dakika mbili."

Solange akaendelea. Mbele, Fabrice alifungua njia hatua mia mbili, kisha Corinne wa meza ya pili akashika zamu, na alipofika arobaini wakatokea kwenye uwazi wenye msalaba wa jiwe. Hubert alisimamisha msafara. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba Solange alisikia karatasi ikikunjuliwa kabla hajamwona mwenye karatasi.

"Moja."

"Moja."

"Mbili."

"Mbili," alisema Corinne.

Zikaitwa zote kwa zamu. Solange aliitikia sita yake. Kisha Hubert akaita, kwa sauti kubwa kama mtu aitaye ng'ombe, "Saba."

Nyuma ya Solange palikuwa peupe. Hapakuwa na kishindo wala kikohozi. Alifikiri yuko hapo, hatua ishirini, anamalizia fundo. Aliifikiria mistari minne. Yote hayo yalipita kwa muda mfupi kuliko pumzi moja, na kabla hajaamua lolote kidevu chake kilikuwa kimeshainama kifuani.

"Saba," alisema.

"Vizuri. Leo hata Vuillet yupo kwa wakati."

"Ni baridi hiyo, bosi," Fabrice alisema. "Imemnyoosha."

Wakaondoka. Solange aligeuka mara tatu. Aliita "Régis" kwa sauti ya chini, sauti ya mtu asiyetaka msimamizi asikie, na ukungu ukaimeza. Mgongo wa mbele yake ulianza kufifia. Akaufuata.

Walifika kwenye nyumba ya wachungaji saa tisa na nusu. Fabrice aliwasha jiko, Corinne akapanga mabakuli mezani na kumwaga supu. Bakuli moja likabaki linatoa mvuke peke yake.

"Nani hajachukua lake?" Corinne aliuliza. "Régis? Régis yuko nje?"

Solange alikuwa tayari mlangoni. Nje hapakuwa na mtu, na upepo ulikuwa umeanza kuzifuta alama za viatu vyao wenyewe.

Ndani ya nyumba simu ilishika mtandao karibu na dirisha la jikoni tu. Hubert alisimama pale, akawaeleza waokoaji wa mlimani jina, umri, rangi ya koti. Helikopta haikuweza kuruka kwenye ukungu. Kikosi kingepanda kwa miguu, safari ya muda wa saa mbili na zaidi. Wakamwuliza alionekana wapi mara ya mwisho.

"Msalabani, saa tisa kasoro," Hubert alisema. "Ndiyo, nina uhakika. Niliwaita kwa namba, wote wakajibu. Basi yuko kati ya msalaba na hapa."

Solange alikuwa ameshika kisu cha mkate. Alikiweka mezani taratibu, akakisogeza kikalingana na ukingo wa ubao. Neno lilikuwa mdomoni. Alijiambia kwamba labda Régis alifika msalabani baada yao. Alijiambia mengi. Hubert akakata simu, na neno lile likarudi lilikotoka.

Walitoka wanne: Hubert, Fabrice, Corinne na yeye. Walirudi polepole, wamejitandaza, wakichoma theluji kwa fimbo na kupiga filimbi. Saa kumi na dakika kumi waliufikia msalaba. Solange aliupita, hatua tatu nne upande wa pili, akasimama.

"Unakwenda wapi, Paget?" Hubert alisema. "Hapa tulikuwa wote. Turudi, tukague kile kibonde cha kulia. Ameteleza kule."

Angeweza kusema pale. Baadaye, kila alipolala, alirudi kwenye zile hatua nne. Aliuona uso wa Hubert, akauona wa Corinne aliyekuwa analia bila kujua, akageuka akawafuata kibondeni.

Wakazunguka kile kibonde. Fabrice alikuwa anaongea peke yake. "Kajificha huyu. Anataka kututia hofu. Nikimpata, mimi nampiga kwanza, halafu ninyi." Kila baada ya dakika chache walisimama na kusikiliza, na Solange alisikiliza kwa bidii kuliko wote mahali ambapo alijua hakuna kitu. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Aliwaza Régis ana glavu zile nyembamba za pamba. Mwanga ulianza kuwa wa kijivu.

Saa kumi na moja kamili alisimama.

"Bwana Hubert. Msalabani Régis hakujibu."

"Alijibu. Nilimsikia kwa masikio yangu."

"Ulinisikia mimi."

Fabrice akaacha kuongea. Hubert alikaribia mpaka wakaonana uso kwa uso. "Rudia."

"Saba ilikuwa yangu. Nilidhani yuko karibu, anafunga mkanda. Nilimjibia, kama kiwandani."

"Kama kiwandani," Hubert alisema. "Kiwandani mara ngapi?"

"Siku hizi karibu kila wiki."

"Bosi, sote tunafanya," Fabrice alisema. "Mimi namjibia Corinne, Corinne ananijibia. Hata wewe ulipokuwa mezani, nasikia—"

"Nyamaza, Fabrice." Hubert hakumwondolea macho Solange. "Ulinisikia nikiongea na waokoaji."

"Nilikusikia."

"Ukakaa kimya. Pale msalabani nikawageuza, ukakaa kimya."

"Nilikaa kimya."

Alitegemea atukanwe. Ingekuwa nafuu. Hubert alifuta theluji kwenye ndevu zake kwa mkono wa glavu, akauliza kwa sauti ya mtu aliyechoka ghafla, "Mara ya mwisho, wapi?"

"Mti wa vigogo vitatu. Fabrice alifungua mia mbili baada yake, Corinne akafungua arobaini. Hatua mia mbili na arobaini chini ya msalaba, upande wa kushoto tukipanda, kwa hiyo kulia tukishuka."

"Una uhakika?"

"Kwa hesabu, nina uhakika."

Walikimbia jinsi mtu anavyoweza kukimbia na nyungo miguuni. Corinne alibaki, akapanda kilima cha karibu kutafuta mtandao na kuwabadilishia waokoaji mahali. Kutoka msalabani Solange alitangulia akihesabu kwa sauti. Njia yao ya mchana ilikuwa imefukiwa kabisa. Alipofika mia mbili na ishirini vigogo vitatu vilitokea kwenye ukungu, na nyuma ya mti, hatua tatu kutoka njiani, theluji ilikuwa na shimo dogo lenye kingo laini, si pana kuliko meza ya kiwandani. Pembeni palikuwa na kiatu kimoja cha theluji, kamba mpya imefungwa nusu.

Hubert alimzuia kwa fimbo. "Usisogee. Lala kifudifudi, ndipo usogee."

Walilala wote watatu. Hubert akaliinamia shimo, na labda kwa sababu hakuwa na neno lingine la kumwitia mtu huyo, aliita, "Saba."

Hapakuwa na kitu.

"Saba."

Solange alikuwa ameuziba mdomo wake kwa mikono miwili. Upepo ulipita kwenye matawi. Hubert alivuta pumzi ndefu, akaita mara ya tatu, na safari hii, kutoka chini kabisa, kilisikika chuma kikigonga jiwe. Mara moja, na baada ya muda mrefu, mara nyingine.

Hawakuwa na kamba ya kutosha. Walimteremshia blanketi na chupa ya chai, bila kujua kama anavifikia. Walikaa hapo kwenye ukingo, giza likaingia, wakamsemesha kwa zamu asilale. Ilipofika zamu ya Solange, sauti ilimjia kutoka chini, nyembamba, kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Dada. Mama amekula?"

"Ame—" Solange akasita. "Sijui, Régis. Nitauliza. Sijui."

Kikosi kilifika saa moja na robo. Iliwachukua karibu saa nzima kumtoa, kwa sababu mguu wa kushoto ulikuwa umebanwa kati ya mawe mawili tangu goti hadi kifundo. Walipomlaza kwenye machela macho yake yalikuwa wazi, lakini hayakumtambua mtu. Mmoja wa waokoaji aliutazama mguu ule kwa tochi, akazima tochi haraka.

Jumatatu asubuhi Hubert alisimama kwenye ngazi na karatasi yake. Aliita hadi sita, Solange akaitikia. Akaita saba. Chumba kizima kilinyamaza. Hakuiita mara ya pili, wala hakupiga mstari. Aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaingia ofisini, na tangu siku hiyo walitumia mashine ya kadi.

Solange alikwenda hospitalini Alhamisi. Mguu ulikuwa umekatwa juu ya goti. Muuguzi, ambaye hakujua anazungumza na nani, alimwambia kwenye korido kwamba ulikuwa umebanwa kwa muda wa kama saa sita, na kwamba daktari alisema ungewahiwa mapema kwa saa moja tu, pengine hadithi ingekuwa nyingine. Solange alihesabu. Hakuhitaji kuhesabu.

Régis alikuwa ameegemea mito. Mama yake alikuwa amepelekwa kwenye nyumba ya wazee ng'ambo ya bonde, akasema, na huko anakula, ila anamwita kila mwanamume Régis. Alilisema hilo kwa tabasamu dogo. Solange aliweka jibini kwenye kabati ya pembeni, limefungwa kwenye karatasi. Ilikuwa mara ya kwanza yeye kumletea.

"Kuna jambo linanisumbua," Régis alisema. "Nilipoanguka, nilimsikia bosi. Sauti yake si unaijua, hata shimoni inafika. Alikuwa anaita namba. Nikangoja zamu yangu, na aliposema saba nikaitikia kwa nguvu zangu zote. Saba. Kifua kiliniuma. Nikangoja arudie, maana huwa anarudia asipojibiwa. Hakurudia."

Akatazama dirishani.

"Kwa hiyo nikajua mmenisikia. Nikasema, sasa usipoteze pumzi, Régis, tulia, wanakuja. Nilitulia muda mrefu sana. Sijaelewa mpaka leo. Kama mlinisikia, mbona hamkuja?"

Kwenye korido kitoroli cha chakula kilipita, vyombo vikigongana. Solange alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti, mkoba magotini. Angeweza kusema ilikuwa upepo. Angeweza kusema hajui, na angeaminiwa, kwa kuwa Hubert na wenzake walikubaliana kumwachia yeye aseme au asiseme.

"Hatukukusikia," alisema. "Hakurudia kwa sababu namba ilikuwa imeshajibiwa. Niliijibu mimi."

Régis aligeuka. Alimtazama kwa muda, kisha akaitazama ile sehemu ya blanketi iliyolala bapa kitandani.

"Kwa ile sauti yangu?" aliuliza.

"Kwa ile sauti yako."

Aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyepewa fremu akaonyeshwa kasoro ambayo hapo kabla hakuiona. Solange alingoja mpaka saa ya wageni ikaisha, mikono juu ya mkoba, na muuguzi alipokuja kufunga pazia na kuuliza kama mgonjwa anahitaji chochote, Solange alifumba mdomo, akamwachia Régis ajibu mwenyewe.